Asante iliyoninyima chakula: miezi mitatu na nusu Mocímboa nikiwa na miaka 10

Mleta mada ana binti wa miaka 9 anayekwenda kukaa mwaka mzima na familia rafiki huko Uholanzi, na ameuliza mtoto wa umri huo ataona tofauti gani, na zipi zitamuumiza. Nimesoma majibu yenu yote, wakuu. Baridi, lugha, chakula kisicho na ladha, treni, mbwa kulala ndani. Sibishi. Ila wengi tumejibu kama watu wazima waliokwenda kikazi au kimasomo. Mimi niliachwa kwenye nyumba ya watu, nchi ya watu, nikiwa na miaka 10, bila baba wala mama. Kwa hiyo naomba nafasi, na mnisamehe kwa urefu.

Nchi yenyewe ni Msumbiji. Najua wapo watakaoguna: hiyo nayo ni nje? Kwetu ni Mikindani, mkoani Mtwara, na kwa kweli Msumbiji ni jirani yetu kuliko Dodoma. Lakini hapo ndipo penye hoja yangu. Ningepelekwa Uholanzi ningekwenda nimejikaza, nikijua kila kitu kitakuwa kigeni. Mocímboa da Praia, mji wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji, nilikwenda nikidhani nakwenda kwa watu kama sisi, na kila nilipofikiri nimeshika kitu ninachokijua, kiligeuka mkononi.

Ilikuwa mwaka 1996. Mama alikuwa na mimba ya pacha, akaambiwa asinyanyue hata ndoo. Bibi yangu wa Newala akakubali kumpokea yeye na mdogo wangu wa kike. Mimi akasema hapana. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimechoma ghala lake la muhogo nikijaribu kuchoma panya. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Baba alikuwa nahodha wa jahazi, akipeleka sabuni, chumvi na vitenge kusini na kurudi na nazi na ng'onda, yaani samaki wakavu. Akaamua nitakwenda naye.

Tuliondoka Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idi, tukiwahi mwisho wa kaskazi. Kwa wasio wa pwani: kaskazi hukupeleka kusini, kusi hukurudisha kaskazini, na nahodha mwenye akili habishani na pepo hizo. Mpango ulikuwa niende naye mpaka kisiwa cha Ibo, kusini zaidi, turudi wote. Nilitapika kuanzia tunaipita Msimbati mpaka tunatia nanga Mocímboa. Rafiki yake baba aliyetupokea akanitazama, akasema, "Huyu ukiendelea naye utamzika. Niachie." Baba akaendelea na safari. Muda wa ugeni wangu ukapangwa na upepo: atanipitia kusi ikishika.

Rafiki huyo nilimwita baba mdogo. Ni Mmakonde wa Mueda aliyekuja Mtwara na wazazi wake wakati wa vita vya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na Wareno, akakulia huku, akafahamiana na baba kwenye kupakia korosho bandarini, kisha akarudi kwao baada ya uhuru wa mwaka 1975. Kiswahili chake kilikuwa cha Mtwara kabisa. Mkewe alikuwa nesi, Kiswahili hakijui ila maneno mawili matatu. Watoto walikuwa watatu: binti mkubwa, mdogo wa mwisho, na katikati mvulana wa miaka 11 ambaye jina lake ni lile lile langu, langu likiwa la Kiislamu na lake la Kireno. Tukawa somo. Wao husema shara, na kwao jambo hili ni zito kuliko kwetu: tangu siku ile nguo zake zilikuwa zangu na makosa yangu yalikuwa yake.

Tuanze na maneno, maana ndiko nilikoanza kuumia.

Nilipoambiwa kwamba mama mwenye nyumba anatoka Pemba nilifurahi sana. Kwetu Mikindani tulikuwa na Wapemba wavuvi, nawajua, nikamsubiri aseme Kipemba. Hakusema. Siku tatu nzima nilimwona mwanamke mwenye maringo anayeficha lugha yake. Kumbe kuna Pemba nyingine, mji mkuu wa jimbo lao la Cabo Delgado, ambao Mreno aliuita Porto Amélia.

Kisha likaja la Jumamosi jioni. Binti mkubwa ananyoosha nguo kwa pasi ya mkaa, somo anang'arisha viatu, na kila mtu anasema kesho asubuhi tunakwenda igreja. Mimi nasikia gereza. Mtwara gereza tulilolijua ni Lilungu, na haliendwi kwa viatu vya kung'arishwa. Nikajijibu: wana ndugu amefungwa, na kwao mfungwa anaheshimiwa. Baba mdogo akasema mimi nibaki kwa jirani Mwislamu; nikang'ang'ania kwenda, na nikatia nusu mkate mfukoni nimpe huyo mfungwa. Tulipofika nikaona watu wamepiga magoti kimya, mmoja mbele amevaa kanzu, na ukutani mtu aliyepigiliwa misumari. Nililia mpaka nikatolewa nje. Miaka baadaye ndipo nikasoma kwamba wataalamu wa lugha wanalitoa neno letu gereza kwenye igreja ya Wareno, yaani kanisa. Wakati ule hakuna aliyeelewa kwa nini nalia nimekumbatia mkate.

Mezani mambo yalikuwa ya kuchekesha zaidi. Meza wanaiita mesa. Kopo copo, bendera bandeira, karata cartas, padri padre. Somo alidhani najifanya sijui Kireno. Kule mtaani majirani walikuwa Wamwani, watu wa pwani ile, na Kimwani na Kiswahili ni ndugu wa karibu, hata sokoni nusu ya maneno niliyadaka. Mtoto akipata nusu hudhani amepata yote, na hapo ndipo anapoitikia "ndiyo" kwa jambo ambalo hakulielewa. Niliwahi kuitikia ndiyo nikajikuta nimenunua ndoo ya dagaa.

Sasa nije kwenye chakula, na hapa nitakaa kidogo.

Nyumbani Mikindani tunakula kwenye sinia, juu ya mkeka, wanaume na wavulana sebuleni, mama na wasichana uani karibu na jiko. Chakula kiko katikati. Hakuna anayekuuliza kama utaongeza, kwa sababu hakuna kilichogawiwa. Ukishiba unajisogeza nyuma. Na ukiwa mgeni kwa watu, mtoto aliyelelewa hakubali mara ya kwanza. Unasema nimeshiba. Wanasema kula mwanangu. Unasema nimeshiba kweli. Wanakushika mkono wanakunawisha. Mara ya tatu unakula, tena kwa adabu, ukijua kwamba kama ungekubali mara ya kwanza mama angekufinya paja chini ya kanga mkifika njiani.

Kule kila mtu na sahani yake, baba, mama, binti na mwana meza moja, na mama ndiye anayepakua. Sahani yangu ya kwanza ilikuwa xima, yaani ugali, na kisamvu cha karanga na nazi wanachokiita matapa. Kisamvu nilizaliwa nacho, lakini kile nakikumbuka mpaka leo. Nikamaliza. Mama akashika upawa, akaniuliza kitu huku anaonyesha sufuria. Somo alikuwa ameshanifundisha asubuhi ile neno la asante: obrigado. Nikasema kwa sauti, nikijivunia, "Obrigado!" Akarudisha upawa, akafunika sufuria.

Nikadhani ameona mara ya kwanza haitoshi, atauliza tena. Hakuuliza. Jioni ikawa hivyo hivyo, kesho yake pia. Siku nne nilikula sahani moja moja kama mtu mwenye homa, na usiku nasikia tumbo linanguruma kuliko bahari. Nikaamini kwamba wananichukia, kwamba baba amewaachia pesa kidogo, kwamba Wamsumbiji ni wachoyo. Haya ya mwisho nilikuwa nimeyatunga kabisa kichwani, tayari kuyasimulia Mikindani.

Aliyegundua ni baba mdogo, kwa kuwa aliwahi kuwa mtoto wa ugenini. Siku ya tano aliniona nakwangua sahani kwa kidole. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Mbona hutaki kuongezwa?" Nikasema naomba kila siku. "Unasemaje?" Nikasema. Alicheka mpaka akaondoka mezani. Kwao mtu akikuletea kitu nawe ukajibu asante tupu, maana yake hapana, inatosha. Ukitaka, unasema ndiyo kwanza. Na mkewe, kwa malezi yake, kumlazimisha mtoto aliyekataa ni kumvunjia heshima. Yeye ananiheshimu, mimi nakufa njaa.

Mleta mada, kama ungeniomba jambo moja tu la kumfundisha binti yako, basi ni hilo. Mfundishe kusema "ndiyo, nataka" bila aibu, na mwambie kwamba atakapokwenda huko hakuna mtu atakayemkaribisha mara tatu.

Asubuhi kulikuwa na mkate mdogo mgumu wa tanuri la kuni, somo na mimi tukiufuata kungali giza. Kifungua kinywa wanakiita matabicho, na somo alinifasiria: kuua mdudu. Huyo mdudu aliye tumboni, unamuua kwa mkate na chai. Nilimkumbuka mdudu huyo kila nilipoulizwa kama nimeshamuua. Maandazi na vitumbua nilivikosa, lakini mkate ule ulinitosha.

Saa nayo ilinipiga chenga. Sote hapa tulifundishwa kusoma saa kinyume: mshale uko kwenye nane, wewe unasema mbili, na mtu wa pwani hajiulizi kwa nini. Baba mdogo alikuwa na saa ya ukutani, na kila usiku alifungulia Radio Tanzania asikilize taarifa ya habari. Mtangazaji anasema ni saa mbili kamili usiku, natazama ukutani, mshale uko kwenye saba. Nane ningeielewa. Saba? Nikamwambia baba mdogo saa yake mbovu. Akanieleza kwamba wao wako nyuma yetu kwa saa moja, na isitoshe wanahesabu kuanzia usiku wa manane, hawahesabu kuanzia kuchwa na kuchomoza kwa jua. Nikaelewa kichwani. Miguuni sikuelewa. Mama akatuambia turudi saa cinco, somo akanifasiria "saa tano", nami nikaacha mpira nikarudi nyumbani saa tano ya kwetu, jua kichwani, nikakaa kizingitini peke yangu nikishangaa wenzangu wanavyodharau amri ya mama. Mwezi wa tano jua lilikuwa linazama hiyo hiyo saa cinco na dakika zake. Nilimwonea huruma muadhini wao, nikidhani Magharibi yake anaiadhini mchana.

Kuhusu msikiti niseme haraka, maana hapo hapakuwa na tofauti, na ndiyo sababu napakumbuka. Baba mdogo, Mkatoliki wa rozari, alinipeleka mwenyewe Ijumaa ya pili kwa jirani Mmwani akasema, "Mtoto huyu ni wenu siku ya leo." Nilipoingia, mikeka ile ile, harufu ile ile ya udi, dua ile ile. Nilikaa baada ya swala mpaka wakanifukuza ili wafunge. Idi ya mwezi wa nne niliila kwa Wamwani hao, na familia yangu ya Kikatoliki ikaja jioni kula pilau.

Shikamoo. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia mama mwenye nyumba, akanitazama, akaenda kuniletea maji. Asubuhi ya pili akaniletea taulo. Watoto wake walimwambia "bom dia, mamã" wakiwa bado wanapiga miayo, na neno hilo hilo bom dia wakamwambia babu yao mwenye mvi, na hilo hilo wakaambiana wao kwa wao. Mimi nilitetemeka. Kwetu mtoto akimwambia babu neno analomwambia mwenzake, mtaa mzima unajua jioni.

Somo akamweleza mama maana ya shikamoo. Akalipenda sana. Tatizo ni kwamba hakuelezwa linatoka kwa nani kwenda kwa nani, na kesho yake alinikuta uani napiga mswaki, akaniinamia kwa uso wa furaha: "Shikamoo!" Mtu mzima, nesi, mke wa baba mdogo, ananiamkia mimi. Nilikimbia. Nilijificha nyuma ya tangi la maji nikisubiri laana ianze kufanya kazi. Na hakuchoka, kila asubuhi kwa wiki nzima aliniwahi, nami nikawa naamka mapema zaidi ili nimwahi yeye. Baba mdogo alijua na hakusema kitu. Nadhani alikuwa anajifurahisha.

Mambo mengine niliyaona kwa macho tu. Dada yake mama alikuja kutoka Pemba akatubusu watoto wote mashavuni, kulia na kushoto, nikajifuta kwa kiganja akaniona. Shuleni nilikwenda na somo kama msindikizaji, masomo yote kwa Kireno, bendera mlingotini ina bunduki, na siku moja somo alirudi akiruka kwa furaha kwa sababu amepata 14. Nikamfariji. Kwetu ukipata 14 kwa mia unatafuta pa kulala. Ilibidi anionyeshe daftari: wao wanasahihisha kwa 20.

Noti zao zilikuwa za maelfu, elfu moja wakiiita conto, nikajiona tajiri mpaka nilipofika dukani. (Mwaka 2006 waliondoa sifuri tatu.)

Lakini kuna tofauti moja ambayo si ya adabu wala ya mapishi. Mikindani mtoto wa kiume ni mali ya pori. Unaingia asubuhi kutafuta maembe na mabibo, unatoka jioni na miba. Mara ya kwanza tulipokwenda shambani kwao, nje ya mji, niliona mwembe kama hatua thelathini kutoka njiani, nikachomoka mbio. Nilisikia mama akipiga kelele ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Somo na dada yake walisimama palepale walipo, hawakunifuata. Baba mdogo hakupiga kelele. Alisema kwa Kiswahili, taratibu kabisa, "Simama. Usigeuke. Rudi nyuma ukikanyaga ulipokanyaga." Nikarudi hivyo, hatua moja moja, nikiwa sijui kosa langu ni nini. Alinikamata shingo, akanionyesha kibao kilichochorwa fuvu jekundu, chini ya kichaka. Mabomu ya ardhini. Vita vyao vilikuwa vimekwisha mwaka 1992, uchaguzi ulishafanyika mwaka 1994, na bado watu wazima walikuwa wakijisaidia haja ndogo kando ya njia hadharani bila soni, jambo nililokuwa nimelichukulia kuwa ukosefu wa haya. Kumbe haya walikuwa nayo; porini ndiko hawakuthubutu kuingia. Nchi ile ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu mwaka 2015, na siku hiyo nilipoisikia habari nilikuwa kazini, nikajikuta najitazama miguu.

Sasa nirudi ndani ya nyumba. Mle somo aliosha vyombo. Zamu yake Jumatatu na Alhamisi, na nilipotimiza wiki mbili nami nikapewa Jumamosi. Nilikuwa sijawahi kuugusa upande wa jikoni kwetu ila kuiba nazi iliyokunwa. Baba mdogo mwenyewe nilimwona akichambua mchele. Na Jumamosi moja usiku, wageni wameondoka, redio ya kaseti inapiga muziki wa polepole, akamshika mkewe kiuno wakacheza sebuleni, mbele yetu, macho wamefumba. Binti mkubwa alikuwa anasoma kitabu, hata hakuinua uso. Mimi nilitazama dari.

Nikaweka yote kwenye hesabu moja: Msumbiji wanaume huosha vyombo, Msumbiji baba hucheza na mama, Msumbiji wote hula meza moja. Niliporudi niliyasimulia hayo barazani kwa sauti ya mtu aliyesafiri, na watu wazima wakanisikiliza, wakatikisa vichwa juu ya mambo ya Msumbiji.

Ilipita miaka ishirini na ushee kabla sijayasema hayo mbele ya somo. Alinikatiza. "Msumbiji ipi? Hiyo ilikuwa nyumba yetu tu." Akaniambia mama yake alilelewa na masista wa misheni, akarudi na sheria zake za zamu, na majirani wote walimwona baba yake amerogwa. Rafiki zake walimtania kwa zile Jumatatu na Alhamisi mpaka alihamisha beseni ndani wasimwone. Wajomba zake wa Mueda, akasema, walikula kama sisi: wanaume barazani, wanawake jikoni. Nilikuwa nimeishi kwenye nyumba ya pekee mtaa mzima nikairudisha Mikindani kama taifa.

Mwezi wa sita baba alifika na kusi. Nilikuwa nimeshaanza kuota kwa Kireno kibovu. Njiani kurudi sikutapika. Nyumbani nikawakuta pacha, na mama amekonda. Siku ya kwanza nimemaliza kula nikasema "com licença", yaani naomba ruhusa, nikainuka na sinia nikaenda kuliosha. Shangazi yangu akapiga kofi la mshangao: "Wamemgeuza mtoto wa kike!" Baba hakusema kitu. Mama alinitazama nikisugua sinia, akaniachia. Na usiku ule, kwa mara ya kwanza maishani, niliona kwamba mama yangu hali na baba yangu. Nilikuwa nimeliona maisha yangu yote, ila ndiyo kwanza nililiona. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wewe lala."

Kwa hiyo mleta mada, ya baridi muachie koti. Waulize wenyeji mambo madogo kabla hajaondoka: mnakula saa ngapi, anaomba vipi kuongezwa, mtoto anamwitaje mama wa nyumba, bafu linafungwaje, nani anaosha nini. Muachie mtu mmoja ambaye anaweza kumpigia na kuuliza swali la kijinga kwa Kiswahili. Mimi bila baba mdogo ningerudi na utapiamlo na chuki. Na akirudi na habari za Uholanzi, zisikilize kama habari za nyumba namba fulani mtaa fulani.

Familia yangu ile haiko tena Mocímboa. Mji ulishambuliwa Oktoba 2017, na mwaka 2020 ukatekwa kwa mwaka mzima. Wao walikuwa wamehamia Pemba mapema. Nyumba haina paa, somo alinitumia picha. Baba mdogo alifia Pemba kwa uzee, mama yupo, na tukiongea kwenye simu bado ananiwahi na shikamoo yake.

Desemba iliyopita somo alituletea binti yake wa miaka 10 akae nasi Mikindani likizo yao ndefu. Siku ya kwanza mke wangu alimpakulia wali, mtoto akamaliza, akaulizwa, akasema asante. Mke wangu akaongeza. Asante. Akaongeza tena. Nilikuwa nimekwenda kuswali; nilimkuta mtoto machozi yanamlengalenga mbele ya mlima wa wali, anakula kwa adabu.

Juzi juzi kabla hajaondoka nilimsikia dirishani akimhadithia baba yake kwenye simu, Kireno changu kikinitosha: Tanzania watu hawana meza, wote wanakula chini. Nilitaka kwenda kumsahihisha. Nusu ya mtaa wetu wanakula mezani. Hata sisi meza tunayo, iko uani, mguu mmoja ulivunjika kwenye harusi ya mdogo wangu, na mke wangu ameiegemeza ukutani akaweka cherehani.